Sikio la Jitu

Kama mama yake Kamusi angekuwa mwanamke katili, mambo yangekuwa rahisi. Pumzi angejua pa kushika. Angemjibu jeuri kwa jeuri, angebamiza mlango, angekwenda kulia chooni na kutoka huko akiwa mshindi. Wanawake wangapi wamepambana na mama mkwe wa moto na wakaolewa vilevile? Lakini mama huyu alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, mkoba mapajani, viatu vimefutwa vumbi kwa adabu zote, na alipomwona Pumzi akiingia, aliinuka. Mtu mzima wa miaka sabini, magoti yanamsumbua, anamwinukia yeye!

"Shikamoo, mama," Pumzi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Bila shaka wewe ndiye Pumzi."

"Ndiye mimi."

"Sauti nimeitambua. Jumapili nimekusikia ukiongea saa mbili nzima, ila sura sikuwa naijua." Akatazama huku na huku. "Nina maneno mawili matatu nawe. Mwanangu hajui kama niko hapa. Ningeomba asijue."

Studio ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia. Kazi yao ilikuwa kuzitia filamu za katuni za Kijapani sauti za Kiswahili. Huyu dada walimwita Pumzi kwa sababu katika kazi hiyo maneno ni nusu tu. Nusu nyingine ni pumzi. Mtu wa kwenye mchoro akipanda ngazi lazima asikike akihema, akinyanyua ndoo lazima agune, akipigwa na butwaa lazima avute hewa. Hakuna aliyehema vizuri kumshinda yeye. Asubuhi alikuwa mpokea simu wa hospitali, mchana alikuwa msichana wa kwenye filamu, na jioni alikuwa mama wa binti wa miaka minane ambaye baba yake alitoka kwenda kununua betri za redio na mpaka leo hajarudi.

Kamusi ndiye aliyekuwa akizitafsiri hizo filamu. Miaka ishirini na tisa, tisa pungufu ya Pumzi, kalamu ya risasi nyuma ya sikio mchana kutwa. Kila pembe ya karatasi zake ilikuwa na mchoro: mkono, paka, mzee anafunga kamba za viatu. Tena ndiye aliyekuwa akitoa ile waliyoiita sauti ya kuazima. Waigizaji hurekodi mmoja mmoja, kila mtu kwa siku yake, na Pumzi hakuweza kuongea na hewa. Basi Kamusi alimsomea maneno ya mtu wa upande wa pili, apate wa kumjibu. Mwigizaji mwenyewe akija, sauti ya Kamusi hufutwa. Mwaka mzima wameongea hivyo, mmoja kibandani, mwingine nje ya kioo. Sasa niambie, wangekosaje kupendana?

Na mwanzoni Pumzi alicheka, jamani. "Mimi na utu uzima wangu huu, katuni?" Kamusi hakubishana naye. Alimwekea kipande kimoja tu, ambacho ndani yake msichana anavua kiatu, anakung'uta kijiwe, anakaa, anatazama mvua. Basi. Pumzi akajikuta machozi yanamtoka, hajui yametokea wapi.

"Mbona hakuna kilichotokea?" aliuliza kwa hasira kidogo.

"Amepumzika. Tangu filamu ianze alikuwa hajapumzika. Wewe mara ya mwisho kukaa hivyo ilikuwa lini?"

Hakukumbuka. Usiku ule alimsimulia binti yake habari ya kijiwe kile mpaka mtoto akalala.

Jambo jingine lililomshika ni kwamba mule ndani ya filamu hizo humpati wa kumchukia. Unamsubiri adui, anakuja na meno yake na makucha yake, halafu ukimkaribia unakuta ana mafua, au ana dada mgonjwa anayemtafutia dawa. "Kwa nini hawana mtu mbaya hawa?" alimuuliza Kamusi. Kamusi akasema, "Wanaye. Ila wamekaa naye muda mrefu mpaka wamemjua."

Leo Pumzi alikuwa anamtazama mama huyu katika chumba cha chai, na aliyakumbuka maneno hayo bila kupenda. Alimmiminia chai. Mama alishika kikombe kwa mikono miwili wala hakunywa.

"Nianze na kuomba radhi," mama alisema. "Mwanzo nilisema maneno. Kwamba umemzidi umri, kwamba una mtoto, kwamba mwanangu anakwenda kulea jasho la mwanamume mwingine. Najua yalikufikia."

"Yalinifikia."

"Nisamehe. Yalikuwa maneno ya woga. Wasemavyo, ukipenda boga penda na ua lake. Nimejaribu, na nimeweza. Binti yako nimeona picha yake, ana macho ya akili. Si hilo lililonileta."

Pumzi alishusha pumzi ya kweli, isiyo ya kazi. Mjinga yule, alidhani hatari imepita.

"Jumapili Kamusi kaja na kompyuta yake," mama aliendelea. "Kaniambia, Mama, tazama hii filamu kwanza, tukimaliza ndipo tuongee habari ya Pumzi. Alidhani nitalainika."

"Hakuniambia."

"Alitaka akuletee habari njema. Na nimelainika kweli. Nimelia mpaka leso imelowa."

Filamu yenyewe ndiyo hiyo waliyokuwa wakiimalizia siku ile. Ina msichana fundi saa na jitu la mlimani. Jitu limeshuka bondeni kutengenezewa saa yake, likampenda yule msichana, likakataa kurudi. Na kila linapomsaidia mtu, linapungua shubiri moja. Limeshikilia daraja, limepungua. Limebeba paa la shule, limepungua. Linapungua linacheka, mpaka likaenea kwenye mfuko wa aproni ya msichana, linakunywa chai kwa kifuniko cha chupa. Nalo halilalamiki hata mara moja. Dawa yake ni kurudi mlimani, ambako ukubwa wake hulirudia, lakini halikubali kuondoka maadamu msichana analihitaji.

"Na lile jitu lilikuwa na sauti ya mwanangu," mama alisema. "Nyie mmezoea, kwenu ni kazi. Mimi nimemzaa. Kila likipungua, nilikuwa namsikia yeye akipungua."

"Ile sauti itafutwa, mama. Ni ya kuazima tu."

"Najua, kanieleza." Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaisukuma mezani. "Na hii kakueleza?"

Ilikuwa barua kutoka chuo kimoja cha Japani, chuo cha kuchora filamu za aina ileile. Kamusi amepata nafasi, miaka minne, pamoja na chakula na malazi. Wamevutiwa na michoro yake. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa kwisha. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Pumzi aliisoma mara mbili. Tangu ana miaka tisa, Kamusi alimwambia siku moja, alikuwa akilala na daftari la michoro chini ya mto kama wenzake wanavyolala na mpira.

"Amewajibu?"

"Ameandika kwamba hawezi. Hajaituma. Nimeiona kwenye kompyuta akiwa anaoga, Mungu anisamehe."

"Nitamwambia aende! Mama, mimi nitamngoja. Miaka minne ni kitu gani? Nimekwisha kungoja zaidi ya hiyo na sikujua nangoja nini."

"Nimemwambia hayohayo. Nimemwambia, mwenzio si mtoto, atakungoja. Unajua kanijibu nini?" Mama alikisogeza kikombe pembeni. "Kasema, yule mtoto ameshaachwa na baba mmoja aliyesema anarudi sasa hivi. Hataachwa na wa pili."

Pumzi alifunika uso kwa viganja. Angependa kumchukia mtu, yeyote yule. Mama? Mama alikuwa ameshaomba radhi. Kamusi? Kosa la Kamusi ni kuwa mwema kupita kiasi.

"Basi unataka nifanye nini?" aliuliza.

"Yule msichana wa kwenye filamu alifanya nini?"

Chini, dukani kwa mapazia, mtu alikuwa akipasua kitambaa kirefu.

"Ungekuwa mwanamke mbaya ningejua la kukwambia," mama alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamshuka waziwazi. "Nilikuja nimejiandaa. Njiani nimepanga maneno makali. Halafu ukanisalimia. Mwanangu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe ni mzazi. Siwezi kukulazimisha. Ukisema hapana, nitanyamaza, nitakuja harusini na nitacheza. Lakini nitakuwa namtazama anavyopungua."

Hakuna tusi lililowahi kumkata maini Pumzi kama wema huo.

Saa nane kamili aliingia kibandani. Fundi wa sauti, mzee mwenye kofia ya sufu na peremende isiyoisha mdomoni, alimwangalia kupitia kioo.

"Mama Pumzi, una homa?"

"Sina."

"Haya. Tunarudi kwenye mfupa wetu. Wiki iliyopita tumeutafuna mara kumi na moja."

Ulikuwa mfupa kweli. Ile sehemu ya mwisho, ambapo msichana anadanganya ili jitu liondoke, Pumzi hakuiweza. Kila mara sauti ilimlainika, na Fundi alisema, "Huniaminishi. Mimi kama jitu ningebaki." Pumzi alikuwa akimlaumu mwandishi. "Na lenyewe jitu jinga! Linaambiwa uongo mchana kweupe, haligundui?" Kamusi akasimamisha picha, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Tazama sikio. Limetikisika kidogo tu. Linagundua. Hawa wachoraji hawakwambii kitu, wanakuwekea mahali ukione mwenyewe. Linajua anadanganya, na linakwenda kwa sababu ameliomba." Kisha akacheka, akamgusa hereni. "Wewe nawe una lako. Ukidanganya unazungusha hereni ya kushoto. Siku utakayonidanganya nitajua."

Sasa Pumzi alivaa hedifoni. Picha ikaanza. Mvua, dirisha, jitu dogo limesimama juu ya meza kati ya visaa vilivyofumuliwa. Sauti ya Kamusi ikamwingia masikioni, karibu kuliko alivyowahi kuwa karibu.

"Nikae mpaka mvua iishe?"

"Hapana."

"Naweza kuwa mdogo zaidi ya hapa. Nitakaa kona ya mfuko. Hutanisikia hata."

Pumzi alitazama kioo. Kamusi alikuwa ameinamia karatasi, kalamu sikioni, anasoma kwa moyo wake wote.

"Sikuhitaji tena," alisema Pumzi. "Nenda."

Fundi aliitoa peremende mdomoni, akaishika mkononi. Kamusi ndiye aliyeruka kitini.

"Hiyo! Hiyohiyo! Usibadilishe hata chembe! Ulikuwa umeificha wapi siku zote?"

Kwenye ukumbi alimkuta Kamusi anamngoja, uso umejaa furaha mpaka Pumzi hakuweza kuutazama.

"Umenitisha, ujue. Nywele zimenisimama. Jioni nakuja, nimemchorea mtoto lile jitu aliloniomba, na kofia nimelivisha."

"Usije."

"Mnatoka?"

"Hatutoki. Usije leo, usije kesho. Usije tena, Kamusi."

Alicheka. Jamani, alicheka, tena kicheko kizuri. "Toka kibandani, mpenzi. Kazi imekwisha."

"Nimeshatoka." Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepanda wenyewe mpaka sikioni, umeshika hereni. "Nimechoka. Nina mtoto mmoja wa kulea, ananitosha. Sikuhitaji tena. Nenda."

Kicheko kilikatika, tabasamu likabaki kidogo usoni halijui pa kwenda.

"Hayo maneno nimeyaandika mimi."

"Ndiyo maana nimeyaazima. Yangu yangekuwa makali zaidi."

"Mama yangu kakuambia kitu?"

"Mama yako ananihusu nini?" Alikuwa anaizungusha hereni, anaizungusha, kidole kimekuwa baridi. Tazama, alikuwa anamwomba moyoni. Tazama mkono wangu, mpumbavu wewe, wewe ndiye uliyenionyesha pa kutazama. "Nimekubeba mwaka mzima. Nilipokukuta ulikuwa mtoto wa mama, na leo ni mtoto wa mama. Nataka mwanamume aliyekwisha kukua."

"Kuna mtu mwingine?"

"Ukitaka iwe hivyo, iwe hivyo."

Kamusi alimtazama macho. Macho tu. Na macho ya Pumzi yalikuwa makavu, kwa sababu ndivyo kazi ilivyomfundisha: ukilia, sauti inaharibika. Kamusi alitafuta ndani yake muda mrefu, hakuona kitu. Mtu aliyeweza kuona sikio la mchoro likitikisika kwa nukta moja, hakuuona mkono mzima wa mwanamke aliyempenda.

"Na mtoto?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nimemuahidi."

"Watoto husahau."

Hapo ndipo alipomwamini. Alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaiangalia kama kitu cha mtu mwingine, akaitia mfukoni. Kisha akashuka ngazi. Pumzi alisikiliza viatu vyake ghorofa tatu zote mpaka mlango wa chini ukajifunga. Alikuwa anashuka kama mzee. Kesho atatuma jibu jingine, na mama yake atamfungia sanduku. Atakaa miaka minne kwenye nchi ya ndoto yake akimwaza mwanamke mwenye roho mbaya, na hatajua kamwe.

Je, ulimtarajia apande tena mbio? Hata Pumzi alimtarajia. Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Aliporudi kuchukua mkoba wake, Fundi alikuwa bado kwenye kiti chake, amempa mgongo.

"Ukuta wa ukumbi ule ni mbao tupu," Fundi alisema bila kugeuka. "Na mimi miaka thelathini kazi yangu ni kusikia. Maneno yako nimeyaamini. Pumzi zako sikuziamini hata moja. Nimwite? Hajafika mbali."

"Usimwite."

"Binti yangu—"

"Mzee, nakuomba. Ukimwambia, atabaki."

Fundi aliguna. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, na haikujulikana anamsema nani. Akavuta kiti. "Basi tufunge kazi. Maneno yako ya leo ni safi, nayachukua. Ila ile pumzi ya baada ya maneno, jitu linapopanda mlima, imelowa. Ina kilio. Yule msichana halii pale. Anasimama mlangoni analiangalia linavyokuwa kubwa, anavuta hewa, anaitoa. Basi. Nahitaji pumzi moja kavu."

"Leo?"

"Mwigizaji wa jitu anaingia kesho asubuhi, nataka akute njia nyeupe. Sauti ya Kamusi nimeshaifuta."

Pumzi alishika ukingo wa meza. "Yote?"

"Yote. Ndiyo utaratibu. Ungeniambia mapema..."

Aliingia kibandani, akavaa hedifoni. Picha ikaanza. Mvua imekatika. Jitu limeruka kutoka kizingitini, linavuka daraja ambalo lenyewe liliwahi kulishikilia, na kila hatua linapata shubiri yake moja, mpaka mabega yake yakawa sawa na miti, mpaka wingu likalipitia kifuani. Ni jambo zuri kulitazama. Masikioni hapakuwa na kitu, wala mkwaruzo, wala mtu kusafisha koo.

Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili vilevile. Fundi hakumkaripia, alirudisha picha tu mwanzo, polepole.

Mara ya tatu Pumzi alisimama wima, mikono yake miwili ameishika nyuma mgongoni ili isipande kwenye hereni. Jitu lilipofika kileleni, sikio lake likatikisika. Akavuta hewa. Akaitoa.

"Kavu," Fundi alisema. "Hiyo nimeichukua. Nenda kwa mtoto."